Wiki Sita za Kisigino

Kengele hulia saa kumi na moja kasorobo,
giza bado limeng'ang'ania madirisha ya Bydgoszcz.
Hujiambia: leo mvua.
Hujijibu: hata jana ilikuwa mvua.
Soksi ziko juu ya kikanza,
moja imekauka, moja ina ukaidi.

Miaka minne nimekuwa wa mwisho.
Sioni haya. Mkia nao ni wa ng'ombe.
Tukivuka daraja la reli, wao mbele, mimi nyuma,
nimewajua kwa migongo:
mgongo wa Bogumiła, mshona mapazia,
umeinamia kushoto kana kwamba cherehani bado ipo;
mgongo wa mwalimu Ireneusz, wima kama chaki mpya,
anagawa umbali kwa dakika
na kutupa nyuma jibu ambalo hakuna aliyeliuliza;
na mgongo wa Jagna, miaka ishirini na miwili,
ambao sijapata kuuona zaidi ya dakika tatu.

Chakula? Usiniulize chakula.
Ireneusz hupima uji wa shayiri kwa mizani ya barua,
gramu themanini, punje haizidi.
Bogumiła hunywa maji ya matango ya chumvi,
huyapiga tarumbeta moja kwa moja kutoka kwenye chupa,
anaapa kwamba misuli haitambana tena.
Aliyanywa hata harusini kwa mwanawe.
Jagna hula bitiruti mpaka mkojo wake ukamtisha.
Mimi nilikuwa na nia.
Jumatatu nia, Jumanne nia,
Jumatano dada yangu huja na maandazi ya jemu ya waridi,
nia ikaondoka bila kuniaga.

Ndipo kisigino.
Hakikuja kwa kishindo. Kilianza kwa mnong'ono,
kama deni dogo la dukani. Nikasema kesho.
Nikapaka dawa, nikabadili viatu,
nikakikimbilia kilomita kumi na nane
siku ambayo ndevu zangu ziliganda barafu,
na asubuhi nikaenda chooni nimeshika ukuta
pale pale babu alipokuwa akiushika.

Daktari, msichana mwenye mafua, hakuinua macho.
"Wiki sita."
Nikajaribu kupatana naye, kama sokoni: "Nne?"
Akapenga kamasi.
"Sita."

Mwenda pole hajikwai, wanasema.
Mimi nilikwenda pole kuliko wote.

Wiki ya kwanza nilivinusa viatu vyangu.
Wiki ya pili suruali ilianza kunisema.
Wiki ya tatu, zamu ya alfajiri,
naendesha tramu nambari tano kando ya mto Brda,
taa zinateleza juu ya reli zilizolowa,
mbele yangu migongo mitatu.
Nikawapita.
Miaka minne, na leo nimewapita,
nimeketi, nina chai.

Kisha nikatazama kioo cha pembeni
na kwa mara ya kwanza nikawaona nyuso.

Bogumiła analia, au ni upepo tu; hafuti.
Midomo ya Ireneusz inacheza, ila si hesabu:
mtu hatabasamu hivyo akigawanya.
Na Jagna, yule mshale, yule asiyekamatika,
anageuka kutazama nyuma.
Mara moja. Mara ya pili. Akafika kwenye mti, akageuka tena,
pale ambapo mimi huwa sijafika bado.

Kengele ya tramu ni ya hatari tu, kanuni yasema.
Nikaipiga.
Mwalimu akanirushia ngumi hewani bila kuinua kichwa,
akatamka neno ambalo hafundishi shuleni.
Bibi mmoja, kikapu magotini, akauliza kuna nini.
Nikamwambia hakuna kitu, mama, njia ni safi.

Usiku huo nilipima uji.
Gramu themanini.
Nikaongeza kidogo.