Haidrolojia ya Rwambwa

Neno lilifika na gari la ofisi, vumbi hadi kwenye vioo.
Afisa aliliteremsha polepole, kama yai:
hai-dro-lo-jia.
Baba akalirudia mara mbili, la tatu likamkwama,
akaweka sahihi.

Kazi yenyewe ilikuwa rula ndefu ya bati
iliyopigiliwa kwenye nguzo, nusu ndani ya Nzoia, nusu juani.
Saa tatu asubuhi ushuke ukaisome,
saa kumi na moja ushuke tena.
Moja nukta nane nne. Moja nukta nane sita.
Daftari likanuka samaki,
maana alilitia mkoba mmoja na chambo.

Wiki mbili tu, neno likawa la kijiji.
Nakhumicha akiongeza kikombe cha mto kwenye debe la maziwa,
watu husema: leo haidrolojia imezidi.
Mlevi akitumbukia mtaroni: amekwenda kupima.
Na Mama, alfajiri, akigonga mitungi kwa kidole
aijue iliyojaa kwa mlio wake,
aliuliza, "Hii yangu mbona hailipwi?"
Baba alicheka.
Mama hakucheka.

Mimi nilitaka maana. Akaniketisha ukingoni:
"Mvua imenyesha Cherangani Jumatatu.
Huku jua linawaka, mahindi yananyong'onyea.
Haidrolojia ni kuhesabu siku za mgeni
kabla hajabisha hodi."

Mwezi wa Mei, tano nukta moja.
Jioni, tano nukta tisa.
Alipanda baiskeli, boma hadi boma, akitaja nambari.
Laiti angesema tu: tokeni!
Mukudi alimwuliza, tano nukta tisa ni kondoo wangapi?

Usiku tuta likapasuka.
Kulikucha tuko juu ya paa la shule,
sisi na kuku na redio isiyo na betri,
na Baba akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu.
Kulia maji, kushoto maji,
nguzo haipo.
Kwenye kisanduku cha kimo aliandika:
*rula imekwenda na mto.*

Ofisi ikairudisha fomu. Andika nambari.

Mto uliporudi kitandani mwake
Mama alimshika mkono, akamwingiza jikoni,
kwenye tofali alipotupima kwa ncha ya msumari kila Krismasi:
mimi, Egesa, Nasubo,
na Ojanji, aliyeishia miaka mitatu.
Juu yetu sote matope yalikuwa yamepiga mstari wao,
umenyooka kama wa karani.

Baba akatoa futi ya fundi cherehani.
Mama akainama, akashika ncha ya chini.
Mita moja, sentimita arobaini na mbili.
"Na Ojanji," akasema, bado ameinama,
"themanini na nane. Andika."

Akaandika, pembeni, kwa herufi ndogo.
Sijui ofisini waliisomaje.