Ulimi Kati ya Meno

Saa tisa usiku, Zrenjanin, Jumamosi.
Mji umezima joto lake tangu saa nne,
mabomba ukutani ni baridi kama reli,
na Desanka, ghorofa ya nne, anafunga vifungo
vya blauzi ya rangi ya chungwa, rangi ya kampuni.
Chini ya meza ni suruali ya kulalia
na soksi za sufu za marehemu mumewe.
Kamera haijawahi kushuka chini ya kitovu.

Anajaribu tabasamu. Kioo kinamrudishia la mkopo.
Anasogeza taa, anaficha kikapu cha nguo chafu,
anavaa mkononi sungura wa kitambaa
(sungura ni lazima, yumo kwenye mkataba,
kama ilivyomo kwamba ajiite Desi
na asiseme ng'o anatoka wapi).

Kompyuta inalia. Lanzhou ni saa nne asubuhi.
Boyu, miaka saba, amejichagulia jina la Kiingereza:
Jumatatu.
Hakuna aliyemuuliza kwa nini.
Somo la leo ni hesabu, na Jumatatu
hawezi kuitamka tatu.

"Siri," anasema.
Sivyo. Ulimi kati ya meno, kisha pumua.
"Siri."

Sisi wenye thamani na thumni na thelathini
sauti hiyo tumeipata bure, pamoja na maziwa ya mama.
Desanka aliinunua. Ana miaka kumi na tisa, bwenini,
mbele ya kioo, mate yakimtiririka kidevuni,
wenzake wakimwita nyoka.
Kwao haipo. Kwa kina Boyu haipo.
Wanaazimana kitu ambacho hakuna aliyezaliwa nacho,
kupitia waya unaofikiri sekunde mbili kabla ya kusema.
Anauliza, U mzima? Kimya.
Anauliza, Hii ni rangi gani?
"Mzima," anajibu mtoto, akiitazama kijani.

Basi anasogea, anajaza kioo kizima, anatoa ulimi,
na papo hapo mtandao unaganda.
Uso wa mwanamke wa miaka hamsini na sita,
jicho moja limefumba, ulimi nje,
umesimama sebuleni mwa watu
kilomita elfu sita na ushei kutoka kitandani kwake.
Kicheko anakisikia. Picha hana.

Picha inaporudi, Boyu amepanua kinywa amwonyeshe:
meno mawili ya mbele hayapo.
Yameng'oka wiki hii. Ulimi uingie kati ya nini?
Kwenye mwongozo, hatua ya kwanza mpaka ya sita,
hakuna mtoto mwenye pengo.

Nyuma yake kuna mtu ambaye Desanka
humwona viganja tu, vikimenya vitunguu saumu.
Leo viganja vinatua bakuli. Bibi anainama mbele ya kamera,
fizi tupu, kibogoyo kamili,
na bila kuombwa anaitamka tatu,
imenyooka, pumzi ikipita kama upepo chini ya mlango.
Kisha anashtuka, anaziba mdomo kwa mkono wa saumu.

Desanka anapiga makofi. Sungura anaumia kichwa.
"Tena!"
Bibi anarudia. Boyu anamchungulia bibi kinywani
kama mtu aliyedondosha ufunguo kisimani.
Dakika kumi na moja wanahesabu, wote watatu.
Hawafiki nne.

Nyota zinaingia kabla hajavua blauzi: tatu kati ya tano.
Mama ameandika kwa adabu. Somo halikumalizika.
Bibi si mwanafunzi.
Na samahani, huyu mwalimu lafudhi yake ni ya wapi?
Kampuni inaongeza: Tunakukumbusha, Desi.
Tatu ni pungufu ya bili ya umeme,
ni simu kwa dada yake Kikinda, ambaye hatauliza
lakini atahema.

Saa kumi na moja mabomba yanaanza kugonga,
maji ya moto yakipanda ghorofa kwa ghorofa.
Desanka hajalala. Anazitazama nyota,
anazihesabu kwa sauti, kwa Kiingereza, taratibu.
Ya mwisho anakunja midomo juu ya meno
na kuitoa kama alivyofundishwa leo.