Mizani ya Kituo cha Maziwa

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelala ziwani,
Belmiro anasimamisha toroli mbele ya kituo,
anashusha madebe, nami namtuma:
"Kamtazame Formosa, naona anachechemea."
Hachechemei. Najua. Naye anajua.
Akinipa mgongo tu, navua viatu vya mpira
napanda mizani ya maziwa.

Tisini na mbili na nusu.
Madebe yananitazama
kama mashahidi waliokwisha kula kiapo.

Binti wa zahanati, Iolanda, aliletwa kutoka Lisbon mwezi wa tatu:
kucha safi, sauti ya pamba, karatasi yenye safu mbili,
Ruhusa na Marufuku.
Maziwa ameyaandika katikati, juu ya mstari,
kama mtoto anayegombewa na wazazi walioachana.
"Yale yaliyoondolewa mafuta," akasema, "glasi moja.
Au uache kabisa, wiki sita, tuone."
Tuone nini? nikamuuliza.
Akasema: tuone.

Niache kabisa.
Mwanangu, hapa Azori, katika kijiji hiki,
ukisimama ukutani pa kanisa ukatazama bondeni,
maziwa mawili, moja la kijani, moja la buluu;
ukichungulia ndoo, maziwa;
na hiki kifua kilichonyonyesha wanne,
nacho jina lake ni lilo hilo.
Niache yapi?

Odete wa duka la mikate ameacha tangu Pasaka.
Anakunywa maji ya lozi, ya pakiti, yaliyovuka bahari,
rangi yake kama yaliyosuuzia sufuria.
Amepungua kilo tano, hasira zimeongezeka sita.
Mumewe alininong'oneza. Mimi nasema kwa sauti.

Nimejaribu, msinione mlafi.
Siku tatu nilikunywa kahawa nyeusi,
nikiinamia kikombe kama mtu aliyeangusha ufunguo kisimani.
Siku ya nne nikanunua yale yasiyo na mafuta,
boksi lenye picha ya ng'ombe anayecheka.
Miaka arobaini na mmoja nakamua:
nimeona ng'ombe anayenuna, anayelia, anayeota ndoto,
anayecheka, bado.
Nikampa Belmiro aonje. Akayatafuna. Ndiyo, alitafuna maji,
akauliza, "Haya walikamulia wapi, bombani?"

Usiku nikapiga hesabu pembeni mwa karatasi ya Iolanda
kwa penseli ya kuandikia lita.
Maziwa, vikombe viwili: haya.
Mkate mtamu ninaouchovya humo, vipande vinne.
Siagi juu ya mkate.
Kipande cha tano, cha kumalizia maziwa yaliyobaki,
na maziwa kidogo, ya kumalizia kipande kilichobaki.
Mwizi nikamwona.
Ng'ombe wa watu amesingiziwa.

Ila sikucheka sana.
Kikombe kile, tukirudi kutoka zizini, si kinywaji tu.
Ni dakika kumi pekee za siku nzima
ambazo Belmiro anaketi, povu kwenye masharubu,
akasema jambo lisilohusu bei ya pumba.
Asubuhi ile kijana wetu wa pili alipoondoka kwenda Toronto
tulikaa hapo hapo bila neno,
yakapoa, yakafanya utando,
tukayanywa hivyo hivyo, na utando wake.
Hilo Iolanda hakuliwekea safu.

Basi nimeamua, kama anavyoamua mwenye njaa, yaani nusu:
kikombe kimoja, cha Formosa, na mafuta yake.
Mkate umehamia kwa kuku,
nao, nawaona, wananenepa kwa niaba yangu.
Magoti bado yananung'unika kwenye ngazi za kanisa.
Wiki sita hazijaisha. Tuone.

Saa kumi na moja. Madebe chini.
"Belmiro, kamtazame Formosa."
Anakwenda polepole, polepole kuliko jana,
ananipa mgongo wake mpana.
Mshale unacheza, unatulia:
tisini na moja na robo.

Kutoka gizani, bila kugeuka, anauliza,
"Enhe, Formosa kapungua?"
"Kilo moja na robo," namjibu,
mguu ukipapasa kutafuta kiatu.