Fyuzi ya Buluu

Usiniwekee hiyo ya kijani, Famau.
Najua ya buluu imekatika mara tatu
kutoka Gongoni mpaka hapa Maweni,
na dukani wakakwambia: panda, weka thelathini,
thelathini haikatiki.
Haikatiki, ndiyo. Hebu nusa chini ya boneti.
Hiyo si chumvi unayopakia.
Ni plastiki inaungama.

Nani alikufungia taa hizi?
Ameona thelathini imechongwa kwenye mguu wa rilei
akadhani ni ampia.
Namba ya mguu tu, ndugu yangu, kama namba ya nyumba:
thelathini anakaa na betri,
themanini na saba anaelekea taa,
na hawa wawili, themanini na tano na jirani yake,
hula kidogo, robo ya ampia hawaimalizi,
kazi yao kumwamsha mwenye nguvu.
Hao wape waya mwembamba, hawatalalamika.

Lakini taa!
Hamsini na tano mara mbili, gawanya kwa kumi na mbili.
Shika chaki, andika hapo kwenye tairi.
Tisa na kitu. Basi kumi na tano inatosha,
na waya uwe wa mbili na nusu,
si huu wa spika,
mwembamba kama uzi wa kudarizi kofia.
Na fyuzi ikae shubiri moja kutoka kwa betri,
si huku mbele, ambako moto umeshapita.

Fyuzi hailindi taa. Taa itajijua.
Inalinda waya.

Niliwahi kukunja karatasi ya sigara,
kwa vidole hivi, kwenye tuktuk ya Mbodze,
usiku, ng'ambo ya daraja la Sabaki, tufike tu.
Karatasi ikakubali kila kilichokuja.
Waya wenyewe ukawa fyuzi,
kiti kikawa utambi.
Tulisimama kando ya lami tukitazama,
yeye kashika viatu vyake mkononi.
Miezi kumi na mmoja nimelipa,
na bado akipita hapa hupiga honi mara moja,
ya salamu, si ya urafiki.

Haya, njoo. Ugonjwa wenyewe huu:
nyuma ya taa ya kushoto, tundu la bati halina mpira,
waya umesuguliwa hadi shaba ikatoka nje
na chumvi imeigeuza kijani.
Fyuzi tatu zimekufa zikikwambia hili.

Elfu moja mia nane. Waya ni shaba, si maneno.
Punguza safari wewe, mimi sipunguzi milimita.
Haya basi, mia saba,
na hizi buluu mbili za akiba,
zitie kwenye kisanduku cha majivu.

Sasa washa.
Tak.
Umesikia? Kadogo hivyo tu.
Na kuku wa jirani wametawanyika,
ukuta mzima umekuwa mchana,
pamoja na sura za wagombea wa mwaka juzi.
Zima, zima,
unawamulika watu chakulani.