Bado

Saa nane usiku, Kondele. Umeme umerudi.
Apondi amewasha zote nne juu ya meza ya cherehani:
ile iliyostaafishwa na benki,
kadi ndogo kama kipande cha sabuni,
simu ya kioo kilichopasuka,
na lile zee la Maseno, linalonguruma kama kinu cha unga.

Programu ni ileile: mizani ya watoto, kliniki.
Tatu zimesema kilo tisa.
Zee likasoma tarakimu kuanzia mkiani:
elfu mbili mia tatu na nne.
Trekta, na bado linanyonya!

Akacheka peke yake. Kisha akaacha.
Huko Muhoroni huenda lipo zee kama hili,
na muuguzi anayeliamini.

Akafuta neno <i>imara</i>.
Akachemsha chai.