Blanketi la Chanjo

Juni, Makete:
maji ya ndoo hulala maji, huamka jiwe.
Mama aliingia kwa kunyata
akanivua blanketi.
Si kwa ajili ya mgeni. La sanduku la chanjo.
"Dawa ikiganda imekufa," alisema.
"Wewe ukitetemeka, jikoni kuna moto."

Nililichukia sanduku lile la buluu.
Alilibeba kwa mbeleko, kama mdogo wangu,
akashuka nalo hadi Ikuwo gizani,
viatu vya mpira, rejista ndani ya mfuko wa sukari,
majina ya watoto kwa wino uliolowa mvua.
Kuna mwaka mshahara ulichelewa miezi minne;
akalipwa viazi, na ahsante,
na meno ya mbwa wa Mzee Luvanda.

Mwaka wa surua alizika wawili aliowakosa.
Majina yao hakuyafuta. Aliyazungushia duara,
na kila safari iliyofuata
alianzia nyumba ile.

Sasa amestaafu. Magoti yamegoma, yeye bado.
Muuguzi mpya, Tumwagile, ana pikipiki na jokofu la umeme wa jua;
akipita kusalimia, mama humuuliza,
"Kule kwa akina Tweve, ng'ambo ya mto, umefika?"
"Njia mbaya, Bibi."
"Naijua. Umefika?"

Jana usiku nilimfunika blanketi lile,
limebaki nyuzi na harufu ya mafuta ya taa.
Akalivuta kando, usingizini,
mkono ukipapasa sakafuni
kitu cha kufunika.