Nimekupa Mji

Mto Venta uliingia jikoni kwa Vilma bila hodi,
usiku wa Jumanne, theluji ya milima ya juu ikiyeyuka.
Ukainua viti, ukainua kinu cha kahawa,
ukaizamisha kompyuta iliyokuwa mezani
pamoja na miaka kumi na tisa ya nakshi:
glavu za sufu za kila kijiji,
nyota, misalaba, meno ya msumeno,
picha elfu nne na mia mbili,
na majina ya bibi waliozifuma,
wengi wao sasa hawahitaji glavu.

Aliniletea mashine ndani ya beseni.
Nikafungua skrubu. Tope. Diski imekufa.
"Guntis," akasema, "usihangaike na maiti.
Mimi nina nakala."

Kila usiku saa nane, mwenyewe akikoroma,
mashine ile ilikuwa na kazi yake ya siri.
Ilichukua faili, ikaikata vipande,
ikavivuruga pale pale mezani,
kabla havijagusa waya,
ndipo ikavituma ng'ambo ya bahari ya baridi,
hadi ghala la seva huko Ufini
ambako feni hazilali na hakuna anayefuma.

Wenye ghala hawajui wanachotunza.
Mlinzi akichungulia ataona uji:
herufi zisizo na mama, tarakimu zisizo na zamu.
Mwizi akivunja ataondoka na uji uleule.
Fumbo mfumbie mjinga, walisema,
mwerevu huling'amua.
Hili sivyo.
Hili mwerevu atakesha nalo hadi mvi,
na kukicha bado ni uji.

"Na ufunguo?"
Maneno ishirini na manne, kwa mpangilio wake;
ukikosea moja, ghala haligeuzi hata shingo.
Vilma akavua glavu ya kushoto.
Ukingoni, chini ya nyota, mistari isiyolingana:
nyekundu mbili, nyeupe moja, nyekundu tano.
Kila neno na namba yake. Alikuwa ameyafuma.
Akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza,
akaandika mwenyewe kwenye mashine yangu,
nami nikageukia dirisha,
kwa kuwa siri ya mtu haitazamwi
hata na fundi aliyelipwa.

Alfajiri ilishuka picha ya kwanza:
glavu ya Alsunga, ya kijani,
kavu.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini wiki iliyofuata alikuja Rūta, mjane wa Ojārs.
Ojārs alikuwa akirekodi sauti yake
akiwasomea hadithi wajukuu walioko Ayalandi.
Ghala lile lile. Ada amelipa hadi mwaka kesho.
Moyo ukamsimama kituoni, akisubiri basi,
na maneno ishirini na manne kichwani.

Rūta alikaa kwenye benchi langu siku tatu.
Akajaribu jina la mbwa. Tarehe ya harusi.
Mtaa walioishi walipokuwa hawana meza.
Tukaandikia ghala; wakajibu kwa upole mkubwa:
tunavyo vyote, hatuwezi kufungua chochote.
Mlango uliomzuia mwizi
haukuulizwa mke ni nani.

Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, apewe jibu.
Rūta akatoa Riga. Akatoa Liepāja.
Akatoa Kuldīga yenyewe, na daraja lake la matofali,
na maporomoko, na samaki warukao.
Mtegaji hayupo wa kuipokea.

Siku hizi mteja akija simwulizi kwanza kuhusu diski.
Namwuliza: glavu ya pili anayo nani?
Ya Vilma, ile ya kulia, anayo mpwa wake,
ameifunga sandukuni pamoja na vyeti.

Mimi maneno yangu bado yako kichwani.
Mchana nimepita dukani,
nimenunua karatasi, na kalamu isiyofutika.